Kompyuta ya 2017 haijafa, hata kama Microsoft imefunga mlango

Mtu akipita kwenye meza za wauzaji wa mashine za okazioni huko Birere, mjini Goma, au akizunguka maduka ya Nyawera kule Bukavu, hatakosa kuona kompyuta mbili nyeusi zinazofanana kama mapacha: Lenovo ThinkPad T470 na ThinkPad T480. Kasha ni lile lile, kibodi ni ile ile, na hata betri ya nyuma ni ya umbo moja. Ya kwanza ilitoka mwaka 2017, ya pili ilitoka mwaka 2018. Muuzaji atasema zote ni nzuri, na hatakuwa ametudanganya sana.

Lakini kwa Microsoft, hizi mbili hazina undugu. T480 nyingi zinaruhusiwa kupokea Windows 11. T470 hairuhusiwi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, T470 inahesabiwa kama mashine isiyo na mwenyewe: inawaka, inaandika, inacheza filamu, ila kampuni iliyotengeneza mfumo wake haiilindi tena. Na huku mashariki mwa DRC, ambako sehemu kubwa ya kompyuta zinazotumika hununuliwa zikiwa zimeshatumika miaka mitano au sita kwingine, hizo "zisizo na mwenyewe" zimejaa katika maofisi, shule, nyumba za fotokopi na vyumba vya wanafunzi.

Hoja ya makala hii ni fupi: mashine hizo hazijafa. Aliyetangaza kifo chao ndiye anayeuza zile mpya au anayeshirikiana na wauzaji wake, na sababu alizotoa zina ukweli nusu. Mwenye mashine asikimbilie kuuza kwa bei ya hasara, na mnunuzi asikubali kulipa bei ya T480 kwa T470.

Tuanze na sababu zenyewe. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na mwaka huo mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema mbele ya watu kwamba ndiyo Windows ya mwisho, kwamba baada yake ni masasisho tu. Wengi walishika neno hilo. Miaka sita baadaye, tarehe 5 Oktoba 2021, Windows 11 ikatoka na masharti ambayo Windows zilizotangulia hazikuwa nayo. Kuwa na RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski si tatizo. Tatizo ni mambo mawili. La kwanza ni TPM 2.0, kifaa kidogo cha usalama ndani ya mashine kinachohifadhi funguo za siri, ili mwizi akiiba kompyuta asiweze kusoma diski yake kirahisi, na ili virusi visijifiche chini ya mfumo kabla haujawaka. La pili ni prosesa: kwa Intel, kuanzia kizazi cha nane, kwa AMD, kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Kuhusu TPM, Microsoft ina haki. Ni jambo jema, na mashine nyingi za ofisi za 2016 na 2017 tayari zina TPM 2.0, T470 ikiwemo. Kumbe kinachoizuia T470 si ukosefu wa kile kifaa cha usalama ambacho matangazo yalikitaja mchana na usiku. Ni jina la prosesa yake kutokuwa kwenye orodha.

Na orodha hiyo inashangaza mtu yeyote anayependa mashine. Core i7-7700K ya Januari 2017, prosesa ambayo wacheza michezo waliililia wakati huo, yenye mwendo wa 4.2 GHz, iko nje. Ryzen 7 1800X yenye viini vinane iko nje. Lakini Celeron N4000, prosesa dhaifu ya kompyuta za bei ya chini kabisa, ambayo hata kufungua kurasa tano za intaneti kwa pamoja inaitoa jasho, iko ndani. Kama hoja ingekuwa nguvu, orodha ingekuwa kinyume. Halafu kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa kompyuta hawajalisahau: mwezi Agosti 2021 Microsoft iliongeza prosesa chache za kizazi cha saba kwenye orodha. Moja wapo ilikuwa Core i7-7820HQ. Prosesa hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta gani? Surface Studio 2, ambayo Microsoft yenyewe ilikuwa ikiiuza kwa maelfu ya dola. Mtoto wa nyumbani alifunguliwa mlango, wa jirani akabaki nje.

Hata hivyo kusema "basi, tuendelee na Windows 10 kama kawaida" ni kosa, na hapa mafundi wengi wa mitaani wanawadanganya wateja wao. Mashine isiyopata masasisho, yale ambayo skrini inayaita mises à jour, ni nyumba ambayo kila mwezi inafunguliwa tundu jipya ukutani na hakuna anayeliziba. Mfano unajulikana. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Mwezi Mei, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita kwenye tundu hilo hilo na kufunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, vikidai malipo kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Waliopigwa ni wale ambao hawakuweka sasisho la Machi.

Msomaji wa Goma au Beni atajibu kwamba huku watu walishazima masasisho tangu zamani, kwa sababu yanakula mega. Ni kweli kabisa. Sasisho kubwa la Windows linaweza kumaliza forfait ya mwezi mzima katika usiku mmoja, na hakuna mwanafunzi anayekubali hilo. Fundi wa kwanza anayeshika mashine mpya ya okazioni mara nyingi anaanza kwa kuzima masasisho, na mteja anamshukuru. Lakini jibu hilo linaeleza tu kwa nini mashine za huku ni wagonjwa wa kudumu. Kila mtu aliyepeleka flashi kwenye nyumba ya fotokopi akarudi nayo anaijua hali hii: folda zote zimegeuka kuwa raccourcis, travail de fin de cycle haionekani, na siku ya kuweka kazi ni kesho. Virusi vya flashi havihitaji intaneti. Vinapita mkono kwa mkono, kutoka secrétariat public hadi ofisi ya mkuu wa shule, na mashine ambayo mfumo wake hauzibwi tena ni makao yao mazuri zaidi.

Microsoft haikuwaacha watu bila dirisha lolote. Iliweka mpango wa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30. Anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti yake ya Microsoft anaupata bila kulipa. Leseni moja inaweza kutumika kwenye mashine hadi kumi za akaunti moja, kwa hiyo familia au ndugu wanaoishi pamoja wanaweza kugawana. Kwa makampuni ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka mara mbili kila mwaka unaofuata. Shule zilipangiwa bei ya dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, jambo ambalo wakuu wa shule na vyuo walipaswa kuambiwa kwa sauti kubwa na wale wanaowauzia mashine.

Kwa karatasi, inaonekana vizuri. Kwa maisha ya mtu wa Goma, mji ambao benki zake zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, kulipa dola 30 kwa kadi ya benki kwenye intaneti si jambo la dakika mbili. Njia ya bure inataka akaunti, intaneti inayodumu, na Windows yenye leseni ya kweli. Leseni ya kweli! Kila mtu anajua jinsi Windows nyingi za huku zilivyowekwa: kwa flashi ya fundi, na programu ndogo ya kuvunja kufuli ambayo yenyewe mara nyingi ni virusi. Wakati huo huo, mwezi Septemba 2025, baada ya vyama vya watumiaji vya Ulaya kupiga kelele, Microsoft ilikubali kuwapa wakaaji wa nchi za eneo la uchumi la Ulaya mwaka huo wa ziada bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Mwenye mshahara wa Brussels anapewa bure, mwenye faranga za Congo anaombwa dola 30. Hakuna uovu maalumu hapo. Ulaya kuna vyama vya kuwatetea watumiaji na sheria yenye meno. Kinshasa, ni nani aliyeandikia Microsoft barua hata moja kuhusu jambo hili?

Katika pengo hilo ndipo mafundi wameingia na ujanja wao. Kwa kutumia programu kama Rufus, flashi ya Windows 11 inaweza kutengenezwa bila kuuliza TPM wala prosesa, na T470 ikawaka na Windows 11 inayong'aa. Muuzaji anaweka mashine mezani, anaonyesha skrini, na bei inapanda. Ujanja huo wenyewe si dhambi. Wapenzi wa kompyuta duniani kote wanaufanya kwenye mashine zao, na mara nyingi unafanya kazi vizuri. Kosa ni kumficha mnunuzi. Microsoft imeandika wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe: mtu anapaswa kurudia kazi ya flashi. Toleo la 24H2 lilikuja hata na amri za prosesa ambazo mashine za zamani sana, zile za kabla ya 2008 hivi, hazina, na hakuna ujanja unaosaidia hapo. Mnunuzi akijua hayo na akakubali, ni biashara halali. Asipoambiwa, amelipa bei ya mashine ambayo hakupewa.

Kujilinda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Asiangalie kibandiko tu, kwa sababu vibandiko vinauzwa. Afungue Paramètres, kisha Système, asome jina la prosesa. Kwa Intel Core, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni cha sita, i5-7300U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane. Zinazoanza na 10, 11 au 12 ni za vizazi hivyo. Na asitegemee jina la mashine pekee, kwa maana hata T480 chache zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba. Kwa HP EliteBook 840, G4 iko upande wa nje na G5 upande wa ndani. Kwa Dell, Latitude 7480 nje, 7490 ndani. Tofauti kati ya pande hizo si jina tu: i5-7300U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne. Kwa hiyo mwenye feza za kutosha anunue ya kizazi cha nane bila kusita. Mwenye feza kidogo anunue ya saba, lakini kwa bei ya saba.

Sasa, akishainunua, aifanyie nini? Jibu la wapenzi wa kompyuta kwa miaka mingi limekuwa moja, na kwa miaka mingi watu wamecheka: Linux. Safari hii kicheko kinafaa kupungua. Linux Mint, kwa mfano, haina bei, haihitaji kuvunjwa kufuli, na toleo lake la 22 linahudumiwa hadi mwaka 2029. Faili yake ni karibu GB 3. Hilo linaonekana kubwa mpaka mtu akumbuke jinsi vitu vinavyosafiri huku: mtu mmoja anapakua usiku mahali penye intaneti nzuri, na kesho yake flashi inazunguka mtaa mzima. Njia ile ile iliyosambaza virusi na filamu za Nigeria inaweza kusambaza mfumo mzima wa kompyuta, kihalali. Tena flashi hiyo inaruhusu kujaribu kabla ya kufuta chochote. Mashine inawaka kutoka kwenye flashi, mtu anaangalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, skrini iko sawa. Kama hakupenda, anazima, anachomoa, na Windows yake iko pale pale. Kwa mashine ya GB 4 kuna toleo la Xfce, jepesi zaidi. Lugha ya Kifaransa iko tayari. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, ingawa kurasa zenye mapambo mengi huharibika kidogo, na mwanafunzi mwenye busara anahifadhi pia PDF kabla ya kwenda kuchapa. Masasisho yapo, lakini mwenye mashine ndiye anayeamua ni lini, na mega zake haziliwi akiwa amelala. Na virusi vile vinavyogeuza folda kuwa raccourcis havina nguvu yoyote humo. Kwa nyumba ya fotokopi inayopokea flashi mia kwa siku, sababu hiyo moja ingetosha.

Wanaoisifu Linux bila kutaja ubaya wake wamewakatisha tamaa watu wengi, basi ubaya utajwe. Mhasibu anayetumia Sage asijaribu. Programu hiyo ni ya Windows. Anayetengeneza mabango kwa Photoshop atateseka. Baadhi ya imprimante za Canon, hasa zile ndogo za laser zinazopendwa na wenye fotokopi, zinaweza kumlaza fundi macho siku mbili. Kwa hao, mashine ya kizazi cha nane au mwaka wa ziada wa Microsoft ni njia iliyonyooka zaidi. Au mashine mbili: moja ya Windows isiyogusa intaneti wala flashi za wateja, kwa ajili ya kuchapa tu, na nyingine ya Linux ya kupokea flashi na kuzisafisha.

Na michezo? Hapa ndipo vijana wanaposimama na kuuliza, na wana haki. Habari za michezo za mwaka 2025 zilijaa Secure Boot na TPM. Battlefield 6, iliyotoka tarehe 10 Oktoba 2025, siku nne kabla ya Windows 10 kuachwa, inadai Secure Boot. Call of Duty: Black Ops 7 ya mwezi Novemba inadai TPM 2.0 pia. Valorant ilishaanza mambo hayo kwenye Windows 11. Sababu yao ni wadanganyifu, wale wanaotumia programu za kuona kupitia kuta na kulenga bila kukosa. Programu za kuwazuia zinataka kushika mashine tangu inapowaka. Programu hizo hizo ndizo zinazoifunga Linux: FC 25 na FC 26 za EA hazifunguki humo, Fortnite vilevile.

Lakini mtu ajiulize kwa utulivu: T470 yenye kadi ya picha ya Intel HD 620 ingecheza Battlefield 6? Haingeicheza hata Microsoft ingetia muhuri kwa wino wa dhahabu. Kelele hizo ni za watu wenye kadi za Nvidia za bei ya pikipiki. Kinachochezwa kwenye mashine za vijana wa Bukavu, Butembo au Uvira ni kingine: PES 2013 iliyowekewa timu na jezi mpya na watu wenye moyo, GTA San Andreas, na michezo ya PlayStation 2 kwa wenye mashine yenye nguvu kidogo. Mambo hayo ni ya 2004, 2005, 2012. Tangu Agosti 2018 kampuni ya Valve imekuwa ikitengeneza Proton, programu inayoifanya michezo ya Windows kucheza kwenye Linux, na Steam Deck, mashine yake ya mkononi iliyotoka Februari 2022, imejengwa juu ya hiyo. Kwa sababu Valve ilihitaji kuuza Steam Deck, ililipa watu wa kurekebisha maelfu ya michezo, na kazi hiyo ikamfikia hata mwenye T470 ambaye hajanunua kitu kwa Valve. Michezo ya zamani isiyo na programu za kuzuia udanganyifu mara nyingi inakubali. Si yote, na wakati mwingine inataka uvumilivu wa jioni mbili. Mwenye salle de jeux anayeishi kwa FC mpya abaki na PlayStation zake.

Kuna sababu nyingine ya kutoitupa mashine ya zamani wakati huu, nayo imetoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Tangu nusu ya pili ya 2025, bei ya RAM imepanda kama bei ya mafuta wakati barabara imefungwa. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndizo zinazotengeneza karibu RAM yote duniani, na zimegeuza viwanda vyao kuelekea kumbukumbu za mashine za akili mnemba, ambako wateja wakubwa wanalipa bila kubishana. Katika maduka ya Marekani, RAM ya DDR5 ya GB 32 iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 100 katikati ya mwaka ilipita dola 300 kabla mwaka haujaisha. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kabisa kuuzia watu wa kawaida kwa jina la Crucial, jina ambalo kila fundi wa kompyuta amewahi kulishika mkononi. SSD nazo zimepanda. Maana yake kompyuta mpya za bei nafuu zitakuja na RAM kidogo au zitapanda bei, na zile za okazioni zitazifuata.

Mashine ya 2017, kwa upande wake, inatumia DDR4, na T470 ina nafasi mbili za RAM zinazofunguliwa kwa bisibisi. Katika kompyuta nyingi nyembamba za sasa RAM imechomelewa kwenye kadi mama, na ikiharibika au ikipungua, pole. Fundi mwenye akili anapofungua mashine iliyovunjika skrini asiitupe RAM yake; miaka miwili iliyopita kipande cha GB 8 cha DDR4 kilikuwa kitu cha kumpa rafiki, leo ni feza. Na kama diski ya mashine bado ni ile ya kuzunguka, kubadilisha na kuweka SSD, hata ndogo ya GB 128, kunaleta mabadiliko ambayo mtu anayaona kwa macho siku hiyo hiyo. T470 ina jambo lingine ambalo mtengenezaji hakulifikiria kwa ajili ya Goma lakini linaifaa Goma: ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma inachomolewa na kubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Mahali ambapo umeme unakatika katikati ya sentensi, betri ya pili iliyochajiwa kwa jirani ni zaidi ya Windows 11.

Shirika la uchunguzi wa soko Canalys lilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 zinaweza kugeuka takataka kwa sababu ya mwisho wa Windows 10. Ndani ya kila moja kuna bati la kulehemu, na katika nyingi kuna tantali kwenye vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme. Bati hutoka pia Bisie, kule Walikale. Tantali hutoka kwenye coltan, na machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya coltan yote duniani. Mambo yanayotendeka kuzunguka machimbo hayo wasomaji wanayajua kuliko mtu yeyote wa Redmond. Madini hayo yalitolewa mara moja kwa gharama hiyo. Kuitupa mashine inayofanya kazi ili kununua nyingine ni kuyaagiza tena.

Sehemu ya milioni hizo 240 itafika huku. Makampuni ya Ulaya yanabadilisha mashine zao, na zile za zamani zitapita Dubai, Mombasa na Kampala mpaka kwenye meza za Birere na maduka ya Butembo. Nyingine zitakuja kama zawadi: mashirika yatazileta shuleni, zitapigwa picha zikiwa zimepangwa mstari, na mkurugenzi atatoa hotuba. Mkuu wa shule anayepokea mashine ishirini za namna hiyo ana haki ya kuuliza kabla ya picha: prosesa ni za kizazi gani, diski ni SSD au ile ya kuzunguka, betri zinashika saa ngapi, na ni nani atakayelipia masasisho. Kama jibu la mwisho ni kimya, aombe ziletwe tayari na Linux, pamoja na mtu wa kuwafundisha walimu wawili kwa siku tatu.